Kusoma faili hadi safu ya obijekti katika Java: null kwanza, kisha bidhaa moja mara 42

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Najifunza Java. Nina faili la bidhaa 42, kila bidhaa ina mistari mitatu: jina, idadi na uzito kwa kilo. Nimeunda klasi `Bidhaa` na safu ya nafasi 100, kisha kitanzi cha kusoma. Kwanza ilikuja `NullPointerException`. Nikaweka `new Bidhaa()` juu ya kitanzi, ikaja `InputMismatchException`. Nikashauriwa niongeze `nextLine()` mwisho wa kila mzunguko, programu ikatulia, lakini sasa safu ina bidhaa ya mwisho tu, imejirudia kote. Na nikichapisha safu nzima, `NullPointerException` inarudi. Nifanyeje?

Jibu: Nzuri. Hitilafu zako ni nne lakini mizizi yake ni miwili. Wa kwanza ni kile ambacho safu ya obijekti inakibeba hasa. Wa pili ni kuchanganya `nextLine()` na `nextInt()` kwenye `Scanner` moja (klasi ya Java inayosoma data kipande kwa kipande). Kwa maelezo yako, msimbo wa mwanzo ulikuwa hivi:

```
Bidhaa[] orodha = new Bidhaa[100];
Scanner s = new Scanner(new File("bidhaa.txt"));
int i = 0;
while (s.hasNext()) {
    orodha[i].jina  = s.nextLine();
    orodha[i].idadi = s.nextInt();
    orodha[i].uzito = s.nextDouble();
    i++;
}
```

Mstari wa kwanza haukuunda bidhaa hata moja. Umeunda nafasi 100 za vielekezi (viungo vinavyoonyesha obijekti iko wapi), na kila kielekezi kimeanza kikiwa `null`, yaani hakielekei popote. Kwenye JVM (mashine pepe inayoendesha programu za Java) ya kawaida ya biti 64 kila kielekezi huchukua baiti 4, kwa hiyo safu yako tupu ina uzito wa baiti mia nne na kidogo tu, hata kama `Bidhaa` moja ingejaza kurasa nzima. Unaposema `orodha[0].jina = ...` unaiambia Java ifuate kielekezi kisichoelekea popote. Kuanzia Java 15 ujumbe wa hitilafu wenyewe hukutajia kisa: `Cannot assign field "jina" because "orodha[i]" is null`. Ukiona `<local1>` badala ya `orodha`, kompaili kwa `javac -g` na majina ya vigeu yatatokea.

Tiba yako ya `new Bidhaa()` juu ya kitanzi ndiyo iliyozaa tatizo la tatu. Obijekti ikaundwa mara moja, ukawa unaijaza upya kila mzunguko na kuiweka `orodha[i]`. Kinachowekwa pale si nakala, ni kielekezi. Mwishoni una vielekezi 42 vinavyoelekea kwenye obijekti ileile, na obijekti hiyo inakumbuka data iliyoandikwa mwisho. Unaweza kuhakiki kwa mstari mmoja: `System.out.println(orodha[0] == orodha[41]);` Ikichapisha `true`, ndiyo hiyo. `new` inatakiwa iwe ndani ya kitanzi, mara moja kwa kila rekodi.

Dalili hiyohiyo, bidhaa ya mwisho kujaa kote, huletwa pia na neno `static` kwenye nyuga za klasi (vigeu vyake kama `jina` na `idadi`). Wanaoanza huliongeza ili kompaila iache kulalamika kutoka ndani ya `main`. Uga wa `static` ni mmoja kwa klasi nzima, hivyo hata obijekti zikiwa 42 kweli, jina litabaki moja. Ikiwa `==` imekupa `false` na bado majina yanafanana, angalia hapo.

Na ile `NullPointerException` ya mwishoni ni ileile ya kwanza: safu ina nafasi 100, faili lina bidhaa 42, kwa hiyo kuanzia `orodha[42]` hadi `orodha[99]` hakuna kitu. `orodha.length` inakupa ukubwa wa safu, haijui wewe umejaza ngapi. Chapisha hadi `i`, si hadi `length`.

Sasa ile InputMismatchException

Hapa inafaa kuliangalia faili kama `Scanner` inavyoliona. Alama ⏎ ni mwisho wa mstari:

`Bolti M8⏎120⏎0.35⏎Nati M8⏎300⏎0.01⏎`

Mzunguko wa kwanza: `nextLine()` inachukua `Bolti M8` na kuimeza ⏎ yake. `nextInt()` inachukua `120` na kusimama kabla ya ⏎. `nextDouble()` inairuka hiyo ⏎ kwa sababu huruka nafasi zote tupu zilizo mbele yake, inachukua `0.35`, na kusimama tena kabla ya ⏎ inayofuata. Mzunguko wa pili: `nextLine()` inasoma kuanzia pale ilipoachwa hadi mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari uko palepale, kwa hiyo inarudisha stringi tupu. Jina limekuwa `""`. Kisha `nextInt()` inakutana na neno `Nati`, na programu inaanguka.

`nextLine()` ya ziada inafanya kazi kwa sababu inaimeza ⏎ iliyobaki. Siipendi. Mtu akiandika `0.35 kg`, hiyo `kg` itatupwa kimyakimya. Mtu akiacha mstari mtupu kati ya bidhaa mbili, unarudi ulikotoka. Kubwa zaidi, muundo wa mistari mitatu kwa rekodi hauvumilii upungufu: mstari mmoja wa uzito ukikosekana katikati, kila kinachofuata kinahama nafasi, na hitilafu inaripotiwa mahali ambapo hapana kosa.

Kwa hiyo, kama faili ni lako, libadilishe liwe rekodi moja kwa mstari mmoja, na mbele ya jina nimeongeza msimbo wa kuitambulisha bidhaa:

```
BM8;Bolti M8;120;0.35
NM8;Nati M8;300;0.01
0071;Washa bapa;850;0.004
```

Nimechagua nukta mkato badala ya mkato kwa sababu mkato hupenda kujitokeza ndani ya majina, na kwenye nchi nyingi ndiyo alama ya desimali. Kama faili haliwezi kubadilishwa, endelea na mistari mitatu lakini isome yote mitatu kwa `readLine()` ya `BufferedReader`, kisha igeuze miwili ya mwisho kuwa namba mwenyewe. Usiruhusu kitu kingine kikuchagulie mahali pa kusimama.

Msimbo ninaoupendekeza

Gawa kazi mara mbili: methodi moja inayogeuza stringi moja kuwa bidhaa moja, isiyojua lolote kuhusu faili, na nyingine inayojua faili lakini haijui nyuga. Ya kwanza unaweza kuijaribu kwa stringi ya kubuni bila kufungua faili lolote, na ndiko makosa mengi yaliko.

```
record Bidhaa(String msimbo, String jina, int idadi, double uzito) {}

static Bidhaa tengeneza(String mstari) {
    String[] v = mstari.split(";", -1);
    if (v.length != 4) {
        throw new IllegalArgumentException(
            "vipande " + v.length + " badala ya 4");
    }
    return new Bidhaa(
        v[0].strip(),
        v[1].strip(),
        Integer.parseInt(v[2].strip()),
        Double.parseDouble(v[3].strip()));
}

static Bidhaa[] somaFaili(Path faili) throws IOException {
    List<Bidhaa> orodha = new ArrayList<>();
    try (BufferedReader msomaji = Files.newBufferedReader(faili)) {
        String mstari;
        int namba = 0;
        while ((mstari = msomaji.readLine()) != null) {
            namba++;
            if (namba == 1 && mstari.startsWith("\uFEFF")) {
                mstari = mstari.substring(1);
            }
            if (mstari.isBlank()) continue;
            try {
                orodha.add(tengeneza(mstari));
            } catch (IllegalArgumentException h) {
                throw new IOException(faili + ", mstari "
                    + namba + ": " + h.getMessage(), h);
            }
        }
    }
    return orodha.toArray(new Bidhaa[0]);
}
```

Juu weka `import` za `java.io.*`, `java.nio.file.*` na `java.util.*`.

`record`, klasi fupi ya kubeba data tu, ilikuja rasmi na Java 16. Nyuga zake hazibadilishwi baada ya kuundwa, kwa hiyo lile kosa la kuijaza upya obijekti moja haliwezekani tena: kompaila itakukatalia. Inakupa pia `toString()` inayosomeka, hivyo huoni tena vitu kama `Bidhaa@1b6d3586` ukichapisha. Ukiwa na Java ya zamani, andika klasi ya kawaida yenye nyuga za `final` na konstrakta (methodi inayojaza nyuga wakati wa `new`).

Ile `-1` kwenye `split` wengi huisahau. Bila hiyo, vipande vitupu vya mwishoni hutupwa: mstari `BM8;Bolti M8;120;` utakupa vipande 3, na kama hukukagua urefu kwanza, `v[3]` itakuletea `ArrayIndexOutOfBoundsException`. Ukiwa na `-1` unapata vipande 4, cha mwisho kikiwa kitupu, na ujumbe wa hitilafu unasema ukweli: kuna uga mtupu, si uga uliokosekana.

Kumbuka pia kuwa `split` hupokea usemi wa ruwaza (regex), ambamo alama kama `|` na nukta zina maana maalumu, si herufi tu. Ukitenganisha kwa `|`, ukaandika `split("|")`, utapata herufi mojamoja. Andika `split("\\|", -1)`. Nukta ni mbaya zaidi: `split(".")` inarudisha safu tupu kabisa, urefu 0, bila hitilafu yoyote.

`strip()` kwenye namba si ya urembo. `Integer.parseInt(" 120")` inagoma kwa sababu ya nafasi moja tu, ilhali `Double.parseDouble(" 0.35")` inaikubali. Tofauti hiyo huwachanganya watu: uga mmoja unapita, mwingine unakataa, na kwa macho vyote viko sawa.

Msimbo wa bidhaa nimeuacha uwe `String` makusudi. `0071` ukiifanya `int` inakuwa 71, na sifuri zilizopotea hazirudi. Kitu ambacho hutakijumlisha wala kukizidisha kiache kiwe maandishi, hata kama kinaundwa na tarakimu tupu.

Faili likiwa na mstari wa vichwa, uruke kwa `if (namba == 1) continue;` baada ya ile `namba++`.

Kwa nini ArrayList, wakati swali ni la safu?

Kwa sababu ukubwa wa safu lazima ujulikane kabla, na faili halikuambii lina rekodi ngapi hadi ulisome. Nafasi 100 ni ubashiri: siku rekodi ya 101 ikija utaona `Index 100 out of bounds for length 100`. `ArrayList` hujipanua yenyewe, na mwishoni `toArray` inakupa safu yenye urefu sawasawa na rekodi zilizomo, bila `null` mkiani. Hapo `length` inakuwa ya kuaminika.

Ikiwa ni zoezi la darasani na mwalimu amekataza `ArrayList`, fanya mwenyewe kile inachokifanya:

```
if (n == safu.length) {
    safu = Arrays.copyOf(safu, n * 2);
}
safu[n++] = tengeneza(mstari);
```

na baada ya kitanzi `return Arrays.copyOf(safu, n);` ili kukata mkia. Anza na urefu wa 16 au wowote ule, ila usianze na 0, maana sifuri mara mbili ni sifuri. Njia nyingine ni kulisoma faili mara mbili, kwanza kuhesabu na pili kujaza. Inafanya kazi, lakini kama kuna programu nyingine inaliandikia faili hilo katikati ya safari zako mbili, hesabu haitalingana.

Mambo yatakayokukuta ukihamia kompyuta nyingine

`Files.newBufferedReader(faili)` husoma kwa UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kuandika herufi kwa baiti) siku zote, na ikikutana na baiti zisizo halali inatupa `MalformedInputException`. Hilo ni jambo jema. `FileReader` kabla ya Java 18 ilitumia usimbaji wowote ambao mfumo wa kompyuta umeuweka, na baiti mbovu huzigeuza kimya kuwa alama ya �. `Scanner` inanitia wasiwasi zaidi: hitilafu ya kusoma ikitokea chini yake, inachukulia kuwa faili limeisha. Kitanzi kinatoka kwa adabu, safu ina rekodi 17 badala ya 42, na hakuna aliyelalamika. Ukilazimika kuitumia, baada ya kitanzi uliza `s.ioException()` kama ni `null`.

Ile `\uFEFF` niliyoiondoa ni alama ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili la UTF-8, baiti tatu: EF BB BF. Haionekani, na si `trim()` wala `strip()` inayoiondoa. Ikibaki, msimbo wa rekodi ya kwanza unaonekana `BM8` lakini `equals("BM8")` inakataa. Rekodi ya kwanza ikikataa peke yake na nyingine zote zikikubali, mshuku huyo kabla ya wengine.

Desimali nazo zina lao. `Scanner.nextDouble()` hufuata lugha iliyowekwa kwenye mfumo. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kijerumani nukta ni kitenganishi cha maelfu: `0.35` itakataliwa, lakini `1.250` itasomwa kama elfu moja mia mbili hamsini, bila hitilafu. `Double.parseDouble` haijali lugha ya mfumo, hutaka nukta daima. Ndiyo sababu nyingine ya kugeuza namba mwenyewe. Namba zenye mkato wa maelfu kama `1,200` zitakataliwa na `parseInt`. Ni afadhali usafishe faili kuliko kuondoa mikato kwa nguvu ndani ya msimbo, kwa sababu `0,35` ya mtu mwingine itageuka 035 na utapata 35.

Ukiona `NoSuchFileException` au `FileNotFoundException` huku faili unaliona kwa macho, chapisha `Path.of("bidhaa.txt").toAbsolutePath()`. Jina lisilo na njia kamili hutafutwa kwenye folda ambayo programu imeendeshwa, ambayo mara nyingi ni mzizi wa mradi, si folda yenye `Bidhaa.java`. Kwenye Windows hakikisha pia faili haliitwi `bidhaa.txt.txt`, kwa sababu mfumo huficha viambishi vya mafaili. Na usiandike njia kama `"C:\takwimu\bidhaa.txt"`: inakompaili bila neno, lakini `\t` ni tabo na `\b` ni alama ya kurudi nyuma. Tumia `/`, Java inaikubali hata huko.

Mstari mbovu: usimame au uuruke?

Msimbo wangu unasimama kwenye mstari mbovu wa kwanza na kuutaja kwa namba. Kwa hesabu za stoo ndivyo inavyofaa, maana jumla inayokosa rekodi tatu ni mbaya kuliko kutokuwa na jumla. Kama kazi yako inaruhusu kuruka, basi kusanya makosa kwenye orodha ya pili na uyaonyeshe mwishoni pamoja na namba za mistari. Kitu kimoja usifanye: `catch (Exception e) {}`. Hiyo mabano tupu ndiyo inayogeuza kosa la dakika mbili kuwa la siku mbili.

Ukihamia lugha nyingine, mzizi wa kwanza hubadilika sura. Katika C++ `Bidhaa orodha[100];` huunda obijekti 100 papo hapo kwa konstrakta isiyo na vigezo, kwa hiyo hakuna `null`, ila mkiani kuna obijekti 58 zisizo na data ya kweli. Huko angalia zaidi `while (!f.eof())`, inayokurudia rekodi ya mwisho kwa sababu mwisho wa faili haujulikani hadi usomaji ushindwe, andika `while (std::getline(f, mstari))`. Katika Python, `[Bidhaa()] * 100` ni kosa lako la tatu lilelile kwa mstari mmoja: obijekti moja, vielekezi mia.

Jambo la mwisho ni mafaili ya CSV (data iliyotenganishwa kwa mkato) yanayotoka kwenye programu za majedwali. Kwa kanuni za RFC 4180 za mwaka 2005, waraka unaoeleza muundo wa CSV, uga ukifungwa kwa alama za usemi unaweza kuwa na kitenganishi ndani yake, na hata mwisho wa mstari. Hapo `split` haifai, na `readLine()` yenyewe inaikata rekodi katikati. Usijaribu kuiziba kwa ruwaza ndefu; chukua maktaba kama Apache Commons CSV, kisha kila rekodi inayokupa ipeleke kwenye `tengeneza`, safari hii ikipokea vipande badala ya mstari. Sehemu nyingine za msimbo zinabaki zilivyo.